Mupita Njia wa Bigo

Mama Estelle alikuwa anapita tu. Watu wote wa Bigo, mtaa mmoja wa Bunia, walijua hivyo, maana aliwaambia mwenyewe tangu siku ile alishuka kutoka milima ya Djugu na godoro kichwani, na hakuchoka kuwaambia.

"Siye tuko ba kupita," alikuwa anasema. "Vita ikitulia kesho, keshokutwa munatuona mugongo."

Sasa kupita kwake kulikuwa kumekawia kidogo. Watoto waliozaliwa juma lile alipofika walikuwa wanajua kusoma, na bado yeye anapita.

Mutu anayepita hanunui vitu vizito. Kwa hiyo pale kandokando ya barabara, pahali alipika chakula na kuuza, hapakuwa na benchi hata moja. Wateja walikaa juu ya bidon za maji na matofali, na mwalimu mmoja alikuwa anakuja na kiti chake kutoka nyumbani, anakula, anarudi nacho. Mti hakupanda. Avoka inakawia kuzaa, alisema, nani atabaki kuikula?

Lakini chakula, wewe msomaji, chakula kilikuwa chakula. Bugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki ile inapanda na barabara ya Bogoro kutoka ziwani, na zaidi ya yote maharagi. Maharagi ilikuwa na habari yake. Siku ya kukimbia, Mama Estelle aliacha sufuria motoni, tena ile kubwa. Mutu akimuuliza anataka kurudi kufanya nini kule juu, hakusimulia moshi wala kilio. Alijibu tu, "Minaenda kuangalia kama maharagi imeiva."

Aliyefurahia jibu lile kuliko wote ni jirani yake Mbusa, Munande wa mji wa Butembo, aliyeuza misumari na mabati upande wa pili wa barabara. Alikuwa na tumbo la kutosha na kicheko cha kuzidi. Kila asubuhi alivuka na sahani yake mkononi.

"Mama Estelle! Maharagi ya Djugu imeiva?"

"Bado, Papa Mbusa. Moto iko kidogo."

"Bon, nipe hii ya Bunia."

Siku moja akaja Adeline, binti mwenye heshima, mfanyakazi wa shirika moja linalofundisha wauguzi. Alikuwa amekula pale jana yake, juu ya bidon, na leo alirudi na maneno.

"Mama, chakula yako tumeipenda. Tunataka weye njo utulishe formation yote, wauguzi bote banaojifunza, mwezi muzima. Lakini kwetu tunalipa na facture, karatasi ya kudai malipo, na facture inaomba numéro impôt."

"Numéro ya nini?"

"Unaenda ku biro ya impôts, kule banalipisha kodi, unajiandikisha, banakupa namba. Kisha kila mwaka unasema biashara ilikupa nini, unalipa kufuatana na ile. Weye iko mudogo, haitakuumiza."

"Mudogo?" Mama Estelle alijiangalia upana, kushoto na kuume. "Adeline mwanangu, iko miaka mingi hakuna mutu alinisifu hivi."

Adeline alicheka, akasema atangoja mpaka Ijumaa. Wakati anaenda, Mama Estelle alimuita tena, kama mutu aliyesahau kitu kidogo.

"Na kule banaulizaka nini?"

"Jina, kazi, adresse. Basi."

Basi, anasema! Tangu hapo Mama Estelle alianza kutia chumvi mara mbili katika sombe. Mwezi muzima wa kulisha wauguzi, kazi kama ile haikuwa imempata tangu azaliwe. Na kodi yenyewe haikumuogopesha. Alikuwa amekwisha kutoa mengi bila mtu kumpa risiti. Shida ilikuwa neno moja, adresse. Kusema mbele ya Serikali kwamba yeye ni wa Bigo, kwake ilikuwa sawa na kwenda kuzima moto chini ya sufuria ile.

Lakini majirani aliwaambia mengine. "Serikali ikijua jina yako, haisahau."

"Ee, mama," Mbusa alisema akitafuna, "weye kila siku unalipa taxe ya kukaa kandokando ya barabara na haulie. Siyo impôt inakuogopesha. Iko maharagi."

Kitambaa cha sahani kiliruka, kikampata kwenye sikio. Hivyo akajua kwamba amesema kweli.

"Alhamisi nitakusindikiza," akasema, akijipangusa sikio. "Miye iko na namba siku mingi, nazoea kule. Tena bapita njia banapoteaka sana."

Alhamisi wakaenda. Mama Estelle alivaa kitenge cha kanisani, kusudi Serikali imuone vizuri. Agent wa kodi alikuwa kijana mpole, miwani yake juu ya kipaji cha uso.

"Jina, mama?"

Akatoa jina, lote, hata lile la ubatizo.

"Kazi?"

"Ninalisha batu."

"Adresse?"

Mama Estelle akatengeneza kitenge magotini. Nje pikipiki zilipita, ndani kalamu ilingoja.

"Djugu," akasema.

"Na pahali unapikia iko wapi?"

"Iko hapa. Kwa sasa."

"Hapa wapi?"

"Bigo. Kwa sasa."

"Avenue?"

Hapo alishikwa. Miaka yote ile hakuwahi kuuliza. Mutu anayepita anauliza jina la avenue kwa faida gani?

"Ile yenye matope," akasema.

"Mama, yote iko na matope."

Mbusa alikuwa amekwisha kuanguka juu ya ukuta kwa kicheko. "Maendeleo! Avenue Maendeleo! Anaamuka pale kila siku na hajui! Bwana agent, andika tu: mupita njia, avenue ya kupita!"

Agent akamgeukia. "Na weye, papa, iko na namba?"

"Miye? Iko en ordre, karatasi zote, tangu zamani!"

"Vizuri. Adresse gani?"

Kicheko kilikatika kama mutu amefunga radio. Mbusa aliangalia viatu vyake.

"Butembo," akasema.

Mama Estelle aligeuka muzima muzima, na kitenge chake.

"Butembo? Papa Mbusa! Weye na nyumba ya baraza? Weye na batoto hata habajue Butembo iko upande gani?"

"Nilimwambia mama yangu ni kwa miaka mbili tu," Mbusa alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko tumbo. "Mbili, kisha ninarudi. Nilisema hivyo."

Mungu alimpa Mama Estelle nafasi ya kulipiza miaka yote ya sahani, na yeye akaiacha ipoe kidogo. Kisha akauliza, pole sana, "Na weye uliacha nini motoni?"

"Sombe," Mbusa akasema. "Mama alikuwa anatwanga sombe."

Kisha Mama Estelle akainamia meza.

"Mwanangu, mutu akirudi kwabo, adresse inafanya nini?"

"Anakuja kutuambia, tunahamisha karatasi za dossier. Adresse siyo kaburi, mama."

"Inahama mpaka Djugu?"

"Mpaka Djugu."

"Na agent wa impôts atapanda kule kuangalia sufuria yangu?"

"Akitumwa, atapanda."

"Bon, mutangulie mutengeneze barabara. Miye nitakuja nyuma."

Agent alicheka mpaka miwani ikaanguka mahali pake, juu ya pua.

"Sasa niandike nini?"

"Andika Bigo." Akavuta pumzi. "Avenue Maendeleo." Alilisema polepole, kama mutu anayeonja chumvi, na hakulitema.

"Na huyu?" agent aliuliza, akionyesha Mbusa kwa kidevu.

"Miye nitarudi juma lijalo," Mbusa alisema haraka. "Bado minawaza."

Ijumaa Adeline alipewa namba ya Mama Estelle. Jumamosi seremala alileta benchi, moja tu. Ya pili, Mama Estelle alisema, itatengenezewa kule juu. Na Jumatatu asubuhi Mbusa akavuka barabara na sahani yake, akafungua kinywa, lakini alikuwa amechelewa.

"Papa Mbusa! Sombe ya Butembo imeiva?"

Akasimama pale, mabati yake nyuma, wateja wote wakimuangalia.

"Bado," akasema. "Moto iko kidogo."

"Haya, kaa." Mama Estelle alipangusa benchi kwa kitambaa kilekile. "Iko ya batu ba Bigo, lakini bapita njia pia tunabavumilia."