Msasa wa Mjomba

Mpimaji wa usalama wa nyumba alishtuka kabla hajafungua mkoba wake wa vifaa. Fremu ya dirisha ilikuwa laini mno. Katika nyumba kuukuu kama ile, iliyopakwa rangi juu ya rangi, fremu haiwi laini kama shavu la mtoto ila mtu awe amepita na msasa.

"Umeona kazi hiyo?" mjomba wake alisema, kifua mbele. "Nilijua unakuja kupima, nikasema mpwa wangu asinikute naishi kwenye gofu."

"Ulipiga msasa bila maji, Mjomba?"

"Ulitaka nipige huku naogelea?"

Mpimaji hakucheka. Jumamosi binti wa mjomba angehamia chumba hicho na mtoto wake, ambaye alikuwa ndio kwanza anatambaa na kutia mdomoni kila anachookota. Mjomba alikuwa amemwita mpwa wake athibitishe kwamba chumba ni salama.

Aliiweka mashine yake kwenye fremu, ikasoma hadi tabaka za chini za rangi. Kulikuwa na risasi, ile metali yenye sumu iliyotiwa kwenye rangi za zamani, na si kidogo. Kisha akagusisha kipima unyevu kwenye ukuta chini ya dirisha, kikapanda. Upande wa pili lilipita bomba la bafuni.

"Bomba linavuja, ndiyo maana rangi ilikuwa inabanduka."

"Basi nitapaka mara mbili."

"Ukuta mbichi haushiki rangi hata ukipaka mara kumi. Na hilo linaweza kusubiri. Risasi iliyokuwa kwenye rangi umeigeuza vumbi."

"Lakini nimefagia!"

"Ukalirusha upya." Alifuta kipande cha sakafu kwa kitambaa chenye maji, akakifungia kwenye mfuko wa kupeleka maabara.

Mjomba alitazama godoro jipya lililoegemea ukuta. "Kwa hiyo ningeiacha tu rangi ya zamani?"

"Hata ilivyokuwa haikufaa. Sasa ni mbaya zaidi."

"Huna hata kauongo kadogo ka kumpoza mjomba wako?"

"Sina."

"Basi mpigie wewe. Wewe ndiye mtaalamu."

"Binti ni wako, Mjomba."

Mzee alipiga simu. "Mwanangu, Jumamosi msije. Kuna bomba linavuja..." Akamtupia mpwa wake jicho. Mpimaji alikuwa anafunga mkoba, wala hakuinua kichwa. Mjomba akaendelea. "Siyo bomba tu. Rangi ya dirisha ina risasi, nami nimeikwangua, vumbi limejaa chumbani. Ndiyo, mimi mwenyewe. Najua, mama. Najua." Sauti ya binti ilipanda mpaka akaisogeza simu mbali na sikio, kisha akairudisha. "Ndiyo, mama. Mpaka chumba kisafishwe na kipimwe tena."

Mpimaji alifunga dirisha, akamtoa mjomba mlangoni.

"Vua viatu hapohapo, visisambaze vumbi. Na hilo shati."

"Na suruali je?"

"Ukifika bafuni."

Mzee akaanza na vifungo vya shati.