Kundi la Kuokota

Mwenye bucha alikuwa mtu wa kupasua mfupa wa paja kwa pigo moja huku akipiga soga na wateja. Ila mwonyeshe sindano, anatafuta mlango. Siri hiyo hakuijua mtu, hata mkewe. Wahudumu wa kuchangisha damu walipopita mtaani, alijifungia kwenye chumba cha barafu mpaka wakaondoka, kisha akatoka anatetemeka na kutangaza kwamba ameshatoa, na kwamba yeye ni kundi O, lile la kumfaa kila mtu. Alikuwa ameliona kwenye bango, likampendeza. Miaka nenda miaka rudi akajigamba kwa kundi la kuokota.

Sasa binti yake akapata kazi kiwandani, na kule wakampima damu. Alirudi na nundu kwenye paji la uso, akasema amejigonga mlangoni, kisha akawaambia waliokuwa sebuleni kwamba yeye ni AB. Baba akampongeza. Herufi mbili, alisema, ni zaidi ya moja.

Dada yake mwenye bucha, mwalimu wa sayansi aliyekuja kunywa chai, akatua kikombe. Akaeleza taratibu, kama yuko darasani: kila mzazi humpa mtoto fungu lake. Mama ni A, basi A imetoka kwake. B lazima itoke kwa baba. Lakini mwenye O hana A wala B ya kumpa mtoto. Huyo ni mikono mitupu. Kisha akamtazama wifi yake.

 Mke akamgeukia mumewe, akangoja. Na yule bwana, badala ya kusema la maana, akaanza kujikuna sikio. Labda mashine ya kiwandani ni mbovu, alisema. Labda B ya bibi imeruka kizazi. Dada mtu akamjibu kwamba B si panzi. Yote hayo ili asichomwe tu, na mkewe ameketi pale anavuliwa nguo mbele ya wifi! Ndipo akaona machozi yakimlengalenga mkewe, na aibu ikamshika.

"Sijawahi kupimwa," akasema. "Ile siku nilijifungia kwenye barafu. O niliiona ukutani. Naogopa sindano."

"Kaka, usijitie woga ili umkingie mkeo," dada yake akasema. "Mtu anayeshinda kwenye damu kutwa?"

Kwa mara ya kwanza amesema kweli, na hakuna wa kumwamini. Ikabidi waongozane wote wanne mpaka zahanati, mke akitangulia bila kugeuka nyuma. Mpimaji akamkalisha mwenye bucha, akamfunga mpira mkononi, akachukua pamba. Pamba tu. Mwenye bucha akaona ukuta unapinda, akaenda chini kama gunia, na paji la uso likakutana na pembe ya meza. Wakamtoa damu akiwa pale pale sakafuni, wala hakujua.

Alipozinduka, mkewe alikuwa amemwinamia. Binti naye alikuwa akikiri kwa sauti ndogo kwamba kule kiwandani hakukuwa na mlango wowote. Aliona sindano, akaanguka. Mke akamshika binti kidevu, akamsogeza karibu na baba yake, nundu kwa nundu.

"Wifi," akaita, "njoo usome hapa."

Wifi akasoma, akaanza kuomba radhi. Mpimaji alipokuja kusema kwamba mgonjwa ni B, hakuna aliyemsikiliza.

Mwenye bucha akamwomba mkewe msamaha kwa kumwacha peke yake na lile swali. Mke akasema amemsamehe. Ila wachangisha damu wakirudi mtaani atampeleka mwenyewe, tena ufunguo wa chumba cha barafu, kuanzia leo, atakaa nao yeye.