Bwana Harusi Aliyebaki Majini

Mwaka 1986 mume wangu Gabrieli aliniahidi Kigoma. Aliahidi mbele ya padri, mbele ya mama yangu na mbele ya madebe mawili ya togwa, kwamba nitaliona Ziwa Tanganyika kabla mtoto wetu wa kwanza hajaota meno. Mtoto huyo ni Lusiana. Leo ana watoto wanne na meno mawili ya bandia.

Mimi sisahau. Nina daftari la jalada gumu, na kila jambo tulilofanyiwa watu wa huku Nachingwea limo, na tarehe yake na saa yake. Pampu ya maji iliyozinduliwa kwa ngoma ikafa kabla ngoma hazijapoa, imo. Salfa ya mikorosho iliyoletwa mikorosho ikiwa imeshaungua, imo. Shule niliishia darasa la nne. Sheria nimejifunzia kwenye magazeti yaliyofungiwa maandazi. Wanaoniita mchochezi nimewaandika pia. Na katika daftari lote hilo, miaka yote hiyo, hamkuwa na uongo hata wa nukta. Ndiyo silaha yangu. Karani akijua umeongeza dakika tano, amekushinda.

Basi Kigoma nayo ilikuwamo, ukurasa wa kwanza.

Gabrieli alikuwa dereva wa gari la sinema. Wa umri wangu wanalikumbuka: Landrova ndefu, tarumbeta la spika juu, jenereta nyuma, shuka jeupe linatundikwa uwanjani na kijiji kizima kinakaa chini. Picha ikitembea, dereva mwenyewe anaieleza kwa kipaza sauti, maana picha zilisema Kiingereza na sisi tulisema Kimwera na Kimakua. Ameizunguka nchi nzima hivyo. Mimi nilipanda gari lile mara moja tu, mwaka 1987, tukaenda Mbekenyera. Baada ya safari ile wakubwa wake walimpa barua: mkeo asipande tena. Sababu nitaisema tukifika.

Gari lilipochoka liliachwa kwenye nyasi nyuma ya ofisi miaka kumi na tisa, kuku wakataga ndani. Likapigwa mnada, Gabrieli akalichukua, akaligongagonga miaka mitatu. Akatia kitanda, kabati, jiko la gesi, pipa la maji lenye bomba, mapazia ya maua. Tarumbeta la juu akaliacha. Mwezi wa sita, ufuta umeshauzwa na korosho bado, akanisimamisha mbele ya nyumba ile yenye magurudumu akaniambia, "Mama Lusiana, Kigoma."

Nikamjibu hivi, na majirani wakasikia: "Baba Lusiana, wewe nakufahamu. Hupiti mlango wa mtu bila kubisha hodi. Leo nataka kulala nje ya wilaya ninazozijua. Jua likizama tukiwa bado ndani ya Ruangwa, nakodi bodaboda narudi nyumbani, na hilo gari lako utafugia kuku tena."

"Tutavuka saa tisa," alisema.

Ilikuwa tuondoke Nachingwea saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi na mbili tangi la mafuta lilianza kudondosha. Gabrieli akalala chini ya gari na kipande cha sabuni ya mche, akawa anakisugua kwenye ufa, huku anaimba. Anaimba! Nikakaa kwenye ngazi ya gari nikaangalia kule ilikopita reli. Ndiyo, tulikuwa na reli. Wakoloni waliijenga kwa ajili ya karanga zao. Karanga zilipowagomea wakaing'oa, wakatuacha na tuta la udongo na mbuzi juu yake. Nilikuwa sijazaliwa, lakini nimeiandika.

Tuliondoka saa tatu.

Chiola nilijua tutasimama, kwa sababu yupo Jenifa, dada yake Gabrieli. Nilisema dakika kumi. Jenifa alikuwa na sufuria la mbaazi jikoni na ugali wa muhogo umeshasongwa, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza habari za dakika. Akapanda garini, akafungua bomba la maji, akalifunga, akalifungua, akapiga kigelegele. Akajilaza kitandani na viatu.

"Wifi, humu unalala na kaka yangu huku mnatembea?"

"Hatulali tukitembea, Jenifa. Tunasimama kwanza."

"Aa, basi hamna faida."

Akawaita wanawake wa mtaa mzima waje wafungue bomba. Kila mmoja alilifungua mara mbili. Tulitoka Chiola saa saba, pipa nusu, na kuku jike mwekundu kafungwa miguu chini ya kitanda. Nilikuwa na hasira, nakwambia, lakini hasira iliyoshiba mbaazi haina nguvu.

Ruangwa mjini barabara ilikuwa imejaa vijana wa mpira wanakwenda kiwanjani, jezi na vuvuzela, bodaboda tatu tatu. Wakaliona tarumbeta letu.

"Babu, hilo spika linapiga?"

Gabrieli, mwanamume wa miaka sitini na saba, akawasha. Tukawasindikiza mpaka kiwanjani mwendo wa maharusi, kuku anapiga kelele chini ya kitanda, na mimi nimekaa mbele kama mgeni rasmi.

"Bibi, chuma yenu ni noma!" kijana mmoja alinipigia saluti.

"Jua linakwenda!" nilimwambia Gabrieli.

"Na sisi si tunakwenda?"

Saa tisa, saa aliyosema tutavuka, ndiyo kwanza tuliingia Mbekenyera. Nikamwambia, hapa hapana kusimama. Akasema sawa. Na kweli hakusimama yeye. Walitusimamisha. Mzee mmoja aliyekuwa anatengeneza baiskeli aliinua kichwa, akaliangalia gari, akaliangalia tarumbeta, akaacha spana ikaanguka. Akaiingiza baiskeli katikati ya barabara, akailaza.

"Mwanamvua!" aliita. "Mwanamvua, njoo! Gari la sinema limerudi!"

Mkewe alitoka mbio, mikono imejaa unga. Mume jina lake Saburi. Kabla hatujasalimiana vizuri watu walikuwa thelathini, wengi wao wenye mvi, na walikuwa wanaangalia gari kama watu wanaomwona mdeni wao.

"Shikamooni," nikasema, maana wengine walinizidi.

"Marahaba. Sisi tunataka jambo moja tu," Mwanamvua akasema. "Yule bwana harusi. Kafa au hajafa?"

Hapo ndipo nilipokumbuka.

Mwaka 1987, uwanja huu huu. Picha ilikuwa ya kijana anayekwenda harusini kwake, mto umejaa, kapanda mtumbwi na suti yake. Katikati ya mto mtumbwi unapinduka. Watu wote mikono mdomoni. Na mimi, miaka ishirini na minne, nimekaa karibu na Gabrieli, nikaona mbele kabisa, kwenye kiti cha kukunja, kakaa karani wa mizani. Yule aliyekuwa anaweka jiwe chini ya mizani ya korosho. Nikaona na kipaza sauti kiko wazi. Nikakichukua.

Niliongea dakika ishirini. Nilitaja jiwe, nikataja uzito wake, nikataja magunia ya nani na nani. Karani akasimama, watu wakasimama, kiti kikaruka, jenereta likapigwa teke likazima. Usiku ule ndio ulioleta barua. Kwa miaka thelathini na minane nimeuhesabu kuwa ushindi wangu mkubwa.

"Ndugu zangu," nikawaambia, "mizani si ilirekebishwa?"

"Ilirekebishwa," Saburi akasema. "Karani alihamishwa, tunakushukuru sana. Lakini bwana harusi?"

"Yuko majini tangu mwaka themanini na saba," Mwanamvua akasema. "Usiku ule nina mimba ya kifungua mimba. Huyu akaniambia, kafa yule, suti imenyonya maji. Nikamwambia, mwanamume anayesubiriwa na bibi harusi hafi kirahisi hivyo. Tumebishana mpaka leo. Tumeoza mabinti wanne tunabishana."

"Suti ni nzito," Saburi akasema.

"Wamakua nyie mnajua nini habari ya suti?" mtu akapiga kelele nyuma, mtani wake bila shaka. "Wewe ulioa na kaptura!"

Wakacheka, lakini baiskeli haikuondoka barabarani. Nikaliangalia jua. Nilikuwa nimekasirika, na nilipotafuta wa kumkasirikia nikajikuta ni mimi. Hilo lilikuwa jipya.

"Tuwaambie tu mwisho wake, twende," nikamnong'oneza Gabrieli. "Wewe umeionyesha kila mahali."

Uso wake ukabadilika. Akanivuta nyuma ya gari.

"Alikufa," akasema. "Ilikuwa picha ya kuonya watu wasivuke mito iliyojaa. Mwisho bibi harusi anakaa ukingoni na kiatu kimoja. Kila kijiji walilia. Nilikuwa naichukia."

Wale watu nao hawakukubali mwisho wa kusemwa tu. Bila shuka si sinema, walisema. Basi tukatoa shuka la kitanda chetu, jeupe, jipya, halijalaliwa, tukalitundika ubavuni mwa gari. Mikeka ikatandikwa. Saa kumi alasiri, jua kali, watu zaidi ya mia wamekaa chini wanaangalia shuka lisilo na kitu. Mwanamvua mbele kabisa. Saburi karibu naye, lakini si karibu sana.

Gabrieli aliwasha spika, akashika kipaza sauti. Akakohoa. Akakohoa tena. Kisha akanipa mimi.

"Wewe ndiye uliyekatiza," alisema. "Malizia."

Nikasimama. Nimesimama mbele ya watu mara nyingi na sijawahi kuwaambia kisichokuwa kweli. Mdomo wangu ulikuwa tayari: alikufa, ndugu zangu, tarehe haijulikani. Nikamwangalia Mwanamvua. Unga ulikuwa umekauka mikononi mwake na alikuwa ameishika mikono ile kama mtu anayesubiri kupokea mtoto.

"Mtumbwi umepinduka," nikasema, na tarumbeta likaipeleka sauti mpaka kwenye mikorosho. "Bwana harusi kazama. Suti imenyonya maji."

"Nilisema!" Saburi akapaza sauti.

"Kaa chini, Saburi! Kazama mpaka chini kabisa. Na huko chini anakuta nini? Anakuta jiwe. Jiwe la mizani! Karani wa kijiji kile alikuwa ameliona gari la ukaguzi linakuja, akalitupa mtoni. Bwana harusi analikanyaga jiwe lile kwa miguu miwili, anajisukuma, huyo, anapanda juu! Suti kaivua huko huko. Anatokeza ng'ambo ya pili na chupi na tai!"

Sijui la tai lilitoka wapi. Uwanja ulilipuka. Wazee walijipiga mapaja. Mwanamvua alikuwa amesimama, anarukaruka, anampiga mumewe begani kwa ngumi zenye unga.

"Nilikwambia! Nilikwambia, mzee!"

"Na harusi?" wakauliza.

"Harusi ikafungwa hivyo hivyo! Padri akasema, mimi naangalia tai. Na jiwe likapelekwa mahakamani."

Nikawaozesha, nikawalisha pilau, nikamfunga karani miaka saba. Nilipomaliza Saburi alikuja akanishika mkono, macho yana maji. Nilidhani kakasirika kushindwa.

"Ahsante, mama," alisema polepole. "Na mimi nilikuwa nataka apone. Ila nilishasema."

Mwanamvua akalikunja shuka letu kwa mikono ile ile ya unga, na Saburi akaondoa baiskeli. Gabrieli akapiga swichi. Gari likatoa sauti ya mtu anayeguna, likanyamaza. Betri ilikuwa imekwisha yote kwenye tarumbeta, kwenye harusi yangu. Jua lilikuwa limeshagusa vichwa vya mikorosho.

"Bodaboda zipo," Gabrieli akasema bila kuniangalia. Hakuwa anatania. Anajua nikisema neno huwa silirudishi.

Sikupata nafasi ya kujibu, maana tulikuwa tumeshaanza kwenda. Uwanja mzima ulikuwa nyuma ya gari. Waliokuwa vijana mwaka 1987 walisukuma na wajukuu wao, wanaimba wimbo wa kupeleka bibi harusi, Mwanamvua ubavuni kwangu ameshika mlango, anakimbia na kandambili moja. Mtelemkoni injini ilishika, ikapiga moshi mweusi, wakashangilia kana kwamba wamefunga goli. Niliangalia nyuma mpaka vumbi likawafunika.

Gabrieli aliendesha kama kijana. Mashimo tuliyapita juu juu. Jua lilikuwa jekundu, likawa nusu, likawa kipande cha ukucha, kisha halikuwepo, na kibao cha mpaka wa wilaya kilikuwa bado hakijaonekana.

Kilionekana baada ya robo saa. Gabrieli akasimamisha gari hatua chache kabla yake, injini inanguruma.

"Jua limezama, Mama Lusiana," akasema. "Ulisema."

Mbele yetu barabara iliendelea, vumbi lile lile, nyasi zile zile, mbuzi wa mtu wanarudi nyumbani. Nilikuwa sijawahi kuiona. Ilikuwa nzuri mno.

"Liko wapi lililozama?" nikamwuliza. "Mimi nilikuwa naangalia nyuma."

Akanitazama. Akaanza kucheka kidogo kidogo, mabega kwanza, halafu akaingiza gia, tukapita kibao, na kuku chini ya kitanda akalia kama anayehesabu kura.

Tulilala hatua mia moja ng'ambo ya mpaka, kwenye shuka lenye alama za mikono ya unga. Kabla ya kulala nilifungua daftari, nikaandika kwa kalamu ya wino: Tumevuka mpaka wa wilaya saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, jua likiwa juu.

Huo ni uongo wa pili kuutoa maishani, na wote wawili wa siku moja. Wa kwanza ulimwokoa mtu majini.