Bunduki Iliyozoea Kugoma

Msimu wa kuwinda bata ulipokaribia, mume wangu Colby alinunua bunduki ya marisau ya bei rahisi, ile inayojipakia yenyewe. Tukaenda nayo shambani kwa baba yake, Verlon, ili Colby ailainishe vyuma kwa kupiga risasi nzito. Kila akipiga, ganda lilikwama kwenye tundu la kutokea na risasi ya pili haikupanda chumbani.

"Hiyo si bunduki, mwanangu, ni mwiko wa uji," Verlon akamcheka.

"Ngoja ilainike, Baba. Kwani wewe ulizaliwa unatembea?"

Nyuma yao, binti yetu Junie alilia kwenye kiti chake garini. Nikamtoa, nikaenda kumnyonyesha kando ya ua.

Colby akapiga tena, ganda likakwama tena. Akalichomoa kwa kidole, kama alivyofanya asubuhi nzima, akaamini chumba cha risasi ki tupu. Akaligeukia gari, akabonyeza kifyatulio ili kulegeza springi, kama baba yake alivyomfundisha kufanya kabla ya kuhifadhi bunduki.

Safari hii risasi ilikuwa imepanda.

Mlango wa gari ukatoboka. Sponji ya kiti cha Junie ikaelea hewani vipande vipande. Colby, ambaye hakuniona nikimtoa mtoto, akaiangusha bunduki na kuanza kupapasa kile kiti.

"Lacy! Mtoto yuko wapi? Lacy!"

Ni Junie aliyejibu, kwa yowe kali kutoka kifuani pangu. Colby akageuka, akatujia akitambaa kwenye tope.