Picha ya Ishirini na Tatu

Mzee Pyo Gwang-nam alifika dukani Alhamisi saa nne asubuhi, kasha la machenza kwapani, akasimama mlangoni akipangusa viatu kana kwamba anaingia ukweni. Hye-ran alikuwa kwenye skana, mgongo kwa mlango, akatoa ile karibu yake ya kila siku bila kugeuka. Trei ilikuwa na filamu hamsini na mbili za kumaliza kabla ya jioni, na vidole vyake vilikuwa vinakwenda vyenyewe.

Niseme mapema kwamba Hye-ran hakuwa mzembe. Watu wakisikia kisa hiki hukimbilia kumtupia lawama, nami hunipanda hasira, maana wengi wao hawajawahi hata kushika filamu. Alikuwa na miaka kumi na sita katika duka lile la kusafisha filamu mjini Daegu, hatua chache kutoka stesheni, na filamu zilimfikia kwa posta kutoka kila pembe ya nchi. Siku hizi vijana wamezirudia kamera za babu zao. Wanapiga, wanatuma, wanapokea picha kwenye simu, basi. Negativu zenyewe, yaani ile filamu iliyokwisha kusafishwa, hawana haja nazo; ukiwarudishia wanaona umewaletea takataka nyumbani. Ndiyo maana fomu ya duka ilikuwa na visanduku viwili, "nirudishieni" na "teketezeni", na ambaye hakuweka tiki popote alihesabiwa ameruhusu ziteketezwe baada ya siku thelathini. Maneno hayo yalikaa chini kabisa ya karatasi, kwa herufi ndogo kama chawa. Kisha mteja alitumiwa onyo kwenye simu, si mara moja, mara tatu. Hakuna aliyewahi kulalamika.

"Samahani kwa usumbufu," mzee alisema. "Nilileta filamu mwezi uliopita, moja tu. Najua mna kazi nyingi. Nimepita tu kuona kama zamu yangu imefika."

Hye-ran akageuka. "Mwezi uliopita? Mzee, picha zinakuwa tayari siku mbili tu. Hukupata ujumbe wetu?"

"Sijapata kitu. Nikasema nisiwaharakishe."

Akamwuliza jina, akaingia kwenye kompyuta. "Ujumbe umekwenda, mzee wangu. Wa picha, halafu maonyo matatu. Namba yako si hii inayoishia saba moja mbili?"

Mzee akaitazama namba kwenye kioo. "Hiyo ni ya Mama Jae-uk, mke wangu. Ndiyo namba pekee niliyonayo kichwani. Yangu mwenyewe niipigie ya nini?"

"Basi muulize yeye, ujumbe anao."

"Jumamosi hii anatimiza mwaka tangu atutoke," mzee akasema. "Simu yake iko kwenye droo. Imezimwa."

Hye-ran akahesabu siku kimoyomoyo. Zilikuwa thelathini na nne. Akajipa moyo: picha zilikwishaskaniwa, zimo kwenye kompyuta, na kilichomleta mzee ni picha. Akamvutia kiti, akampa chai ya shayiri, akafungua faili.

Mzee akashika kikombe kwa mikono miwili. Kucha zake zilikuwa na weusi wa bluu usiotoka, maana alipika rangi za vitambaa kiwandani miaka thelathini na minane. Akaanza kueleza bila kuulizwa, kama wanavyofanya watu waliokaa peke yao muda mrefu. Nyumbani kwao mpiga picha alikuwa mke. Albamu zimejaa watoto, majirani, mbwa, na yeye mzee mwenyewe katika kila aina ya aibu, lakini Mama Jae-uk humo hayumo, kwa sababu kamera ilikuwa mkononi mwake. Alipougua na nywele kumtoka ndiyo kabisa. Hata mgeni akitoa simu, alijifunika shuka. Siku ya mazishi walikuza picha ya kitambulisho ya zamani, wakaiweka mezani na maua, na wajukuu wakauliza bibi huyo ni nani.

"Lakini kwenye hii filamu yumo," mzee akasema. "Mara moja. Jumamosi, siku ya kumkumbuka, nataka niweke hiyo mezani."

Wakaanza kuzitazama. Mzee Pyo amelala mbele ya televisheni, mdomo wazi. Mzee Pyo anamenya vitunguu saumu, amenuna. Kabichi ndani ya beseni la chumvi. Mzee Pyo tena, suruali imepinda. Mzee akacheka kidogo, akasema mwanamke huyu alimwonea maisha yake yote, na Hye-ran naye akacheka, kwa sababu picha zilikuwa nzuri kweli.

Ikafika ya ishirini na tatu. Lilikuwa dirisha la hospitali, zuri kupita kiasi. Pazia jeupe lilikuwa na kila kunjo lake, milima ya nje imekaa sawasawa, na chungu cha mmea kwenye dirisha ungeweza kuhesabu majani. Katikati ya uzuri wote huo kulikuwa na kiwiliwili cheusi tii, kama kilichokatwa kwa karatasi nyeusi kikabandikwa.

"Huyu hapa," mzee akasema, akagusa kioo kwa kidole. "Hii niliipiga mimi. Alivua kofia mwenyewe, akanipa kamera, akasema, piga moja basi, kabla sijabadili nia. Nikapiga. Akaniambia, wewe mzee wewe, dirisha umeliacha nyuma yangu, nitatoka mweusi kama sufuria. Nikamwambia usiwe na wasiwasi, mjini kuna mafundi, watarekebisha." Akamgeukia Hye-ran kwa adabu. "Basi rekebisha, binti. Sina haraka."

Hye-ran akasogea kwenye kioo. Jambo lenyewe lilikuwa dogo mno, ndiyo maana linauma. Filamu huhifadhi mengi kuliko inavyoonyesha. Uso ulio kivulini upo pale kwenye negativu, hafifu, unasubiri skana iambiwe ifungue mwanga na dirisha liachwe liungue liwe jeupe tupu. Kazi ya dakika mbili. Lakini duka huskani faili dogo la kutumwa kwenye simu, na programu ikishaamua kwamba hapa ni giza, inatupa kila kilichokuwa ndani ya giza hilo. Akajaribu hata hivyo. Akapandisha mwanga, weusi ukawa kijivu. Akapandisha tena, kijivu kikavunjika vipande vya mraba kama vigae vya bafuni. Hapakuwa na jicho, pua wala kidevu.

Akafungua kumbukumbu ya mashine kutafuta pa kushika. Skana ile ilikuwa na tabia ya kuandika kila kitufe alichobonyeza fundi kwa kila picha, na mstari wa ishirini na tatu ulikuwepo. Mashine yenyewe, kwa akili yake ya kiwandani, ilikuwa imefungua mwanga ili aliyekaa kivulini aonekane. Halafu fundi akabonyeza kitufe cha giza. Akabonyeza tena. Akabonyeza mara ya tatu. Hye-ran alijua kwa nini, maana hiyo ndiyo iliyokuwa rangi ya duka lao, weusi mzito na madirisha yanayowaka, vijana waliisifu kuanzia Seoul hadi Jeju. Mashine ilimleta bibi mwangani, na kidole cha Hye-ran kikamrudisha gizani, kwa muda usiozidi kupiga chafya.

"Mzee," akasema, "kwenye kompyuta uso haupo tena."

"Haupo vipi?"

"Mimi ndiye niliyeuficha. Niliongeza giza ili dirisha lipendeze."

Mzee akafikiri. Hakukasirika, laiti angekasirika. "Basi rudia kwenye filamu yenyewe," akasema. "Sisi kiwandani kila rangi tuliyopika tulitunza kipande chake miaka kumi. Mteja akirudi, unatoa kipande."

"Filamu yako tuliikatakata Jumatatu. Siku thelathini zilikwisha, na kisanduku hukuweka tiki."

"Nilikiona hicho kisanduku," mzee akasema pole pole. "Kurudishiwa, maana yake mtu afunge, aandike anwani, apeleke posta. Nikaona nisiwape kazi. Nikasema nitakuja kuchukua mwenyewe." Akaweka kikombe chini. "Kukatakata ni kwa nini?"

"Ili picha za watu zisiangukie mikononi mwa wengine."

"Aa," mzee akasema. "Hapo mmefanya vizuri."

Hye-ran akainuka kabla machozi hayajamwaibisha, akaenda chumba cha nyuma. Gari la kuzoa lilikuwa halijapita. Mfuko ulikuwepo, mkubwa kama mtu aliyechuchumaa, umejaa vipande vya filamu vyenye ukubwa wa punje ya mchele. Akauburuta hadi kwenye meza ya kioo yenye taa chini yake, akamimina, akachukua kibano na lenzi. Mzee akavua koti, akakunja mikono ya sweta, akakaa upande wa pili. Hakuna aliyemwambia akae.

"Tunatafuta rangi gani?" akauliza.

"Kwenye negativu dirisha ni jeusi. Mtu aliye kivulini anakuwa karibu wazi kama kioo, na uchungwa kidogo, yaani rangi ya chungwa."

"Uchungwa wa chai au wa karoti?"

"Wa chai."

Mzee akaanza kuchambua. Alikuwa na jicho, mzee huyo. Alitenganisha vivuli ambavyo Hye-ran hakuviona mpaka aoneshwe. Lakini kila filamu duniani ina uchungwa huo huo wa chai, na mle mfukoni zilikuwemo filamu zaidi ya mia tatu. Wakapata ncha ya sikio, lilikuwa la mtoto. Wakapata meno, yalikuwa ya mbwa. Saa sita ikapita, simu ya duka ikalia hadi ikachoka, na rundo walilokuwa wamelimaliza lingeenea kwenye bakuli la mchuzi.

Bosi Gil Du-hwan, mwenye duka, akaingia na mkate wa moto wa maharage mdomoni. "Nyie, mbona mnachambua mchele?" akauliza. Hye-ran akamweleza kwa sentensi nne. Gil akaweka mkate chini, akajikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu hawezi kukaa karibu na huzuni bila kuitafutia kifaa.

"Ipo programu," akasema. "Unaipa picha ya zamani, inaziba yenyewe. Mzee, unayo yoyote?"

Mzee akatoa picha ya kitambulisho kwenye pochi, mke wake akiwa na miaka hamsini na moja. Gil akaiskani, akabonyeza hapa na pale, na haikupita muda pale penye weusi akatokea mwanamke. Alikuwa mnene kiasi, mwenye afya, anatabasamu kwa meno yote. Mzee akasogea, akamtazama muda mrefu, akainamisha kichwa kushoto, kisha kulia.

"Imempa nywele," akasema.

"Tunaweza kuziondoa," Gil akasema haraka.

"Usijisumbue, bosi. Mama huyu ni mzuri, ila simjui. Kwenye meza ya mke wangu nitamweka kama nani?" Akasema bila kejeli, akashukuru kwa kuinama, na Gil akatoka nje kwenda kuvuta sigara ingawa alikuwa ameacha.

Hye-ran akafagia vipande mezani kwa kiganja. Hakujua aviweke wapi. Alitaka kuomba radhi ila kila neno lililomjia lilikuwa lile lile la kumwambia mteja aliyechelewa kupata picha zake, na alijiona hafai hata kusimama mbele ya mzee huyu.

Mzee akavaa koti, akafunga vifungo vyote, kisha akasita.

"Binti, nikuulize. Hiyo mashine, kabla hujatia giza, ilikuonyesha picha?"

"Ndiyo. Zinatokea sita sita kwenye kioo, ndipo narekebisha."

"Na yeye ilikuwa imemfungulia mwanga, umesema. Uso ulikuwa unaonekana."

"Ndiyo, mzee."

"Basi wewe umemwona." Akamsogelea, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi sauti yake ikawa na pupa. "Mimi sikumwona. Nilikuwa nimefumba jicho moja, nahangaika na kitufe, nilipoinua kichwa alikwisha kuvaa kofia. Wewe ndiye wa mwisho. Sitaki picha tena, nataka neno moja tu, nijue hivyo. Alikuwa anacheka, au alikuwa amenikasirikia?"

Hye-ran akafumba macho, akaitafuta siku ile. Ikamjia. Aliliona pazia na kunjo zake. Aliiona milima, na mstari wa theluji juu yake. Aliuona mmea, majani matano, moja limekauka ncha, na akakumbuka hata alivyojisifu moyoni kwa jinsi jani hilo lilivyotokea. Akarudi katikati ya picha, akarudi tena na tena, na kila alipofika hapo hapakuwa na mtu. Neno lilikuwa jepesi. Anacheka. Angelisema, mzee angekwenda nalo nyumbani, na hakuna kiumbe duniani ambaye angeweza kulipinga. Akafungua mdomo alitamke, likatoka lingine.

"Nilikuwa natazama dirisha," akasema, kwa sauti ndogo mno.

Mzee Pyo akamtegea sikio lake zima, akidhani hakusikia vizuri, akamwuliza tena kama mke wake alikuwa anacheka.