Bakuli la Bi Sikudhani

Minji alifika kwetu Ipagala juzi kutoka Korea, na leo alikuwa akizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mkononi alishika bakuli tupu, lile ambalo jirani yetu Bi Sikudhani alimletea mlenda jana, ile mboga yetu ya kuteleza.

"Dada, bakuli la jirani halirudi tupu," nikamtania. "Mtaa mzima utakuita mchoyo!"

Akakimbilia ndani, akatoka, akarudi tena. Mwishowe akapika supu ya mwani wa kwao, akaipeleka katika bakuli lile lile.

Bi Sikudhani akainua kijiko. Mwani ukateleza, ukarudi bakulini.

"He! Mwanangu, kumbe na kwenu kuna mlenda?"

Minji akacheka. Kwa mara ya kwanza tangu afike, akaketi.