Bingwa wa Mwaka wa Jogoo

Tak Man-jae alistaafu ngumi akiwa amepanda ulingoni mara ishirini na sita na kushinda zote. Magazeti ya Seoul, ambayo hayajawahi kula ngumi hata moja, yaliandika kwamba hajazaliwa mtu wa kumwangusha. Man-jae alilisoma gazeti asubuhi, akalikunja upesi, akaliweka kando. Mtu huyo alikuwa ameshazaliwa, tena muda ule alikuwa uani anafua mataulo.

Alikuwa Pyo Gi-ho. Walikulia pamoja katika jimu ya Mwalimu Ok, pale Masan, ghorofani juu ya kinu cha mafuta ya ufuta, na mpaka leo wakinusa ufuta husikia njaa na maumivu ya mbavu kwa mpigo. Mazoezini Gi-ho alimlaza Man-jae chini mara mbili kwa ngumi ya kushoto. Mara zote mbili aliinama, akaomba radhi, akamwita kaka. Ndivyo walivyolelewa. Aliyekuzidi hata mwaka mmoja ni kaka yako, na kaka hujibizani naye, hunywi mbele yake bila kugeuza uso, wala humwaibishi mbele za watu.

Wakorea huipa miaka majina ya wanyama, na Jogoo hufuatwa na Mbwa, kisha Nguruwe. Karatasi za Man-jae zilisema amezaliwa mwaka wa Jogoo. Hazikuwa zake. Zilikuwa za kaka yake aliyekufa kwa surua hata kutembea hajaanza. Man-jae alipozaliwa miaka miwili baada yake, baba yao, mvivu wa safari za ofisini, alimvika mtoto jina na karatasi za marehemu. Wengi walifanya hivyo zama zile na hakuna aliyeshangaa. Kwa ukweli wa Mungu Man-jae ni wa mwaka wa Nguruwe, na Gi-ho, wa mwaka wa Mbwa, ndiye kaka. Siri ya karatasi hizo Man-jae aliambiwa na mama yake alipokuwa na miaka kumi. Lakini siku alipoingia jimu alitaja Jogoo, kwa kuwa mdogo kuliko wote ndiye aliyepiga deki. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo hivyo, wa kukwepa ndoo na tambara.

Mwaka 1980 wakubwa wa mchezo waliwapanga wawili hao wagombanie mkanda wa taifa. Mwalimu Ok aliwaita mbele ya jimu nzima, akawauliza miaka yao, ingawa aliijua.

"Gi-ho, we bado kijana, zamu yako itakuja," akasema. "Hiyo kushoto yako iache hapa hapa. Kaka yako hapigwi mbele za watu."

Gi-ho akainama. Man-jae alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwake, na neno moja tu lingetosha. Akalimeza. Wahenga wanasema mkubwa ni jalala, lakini huyu aliutaka ukubwa bila takataka zake. Raundi kumi Gi-ho alipigana kwa mkono wa kulia peke yake, na Man-jae akashinda kwa pointi. Mimi naiita hiyo aibu, ila kwenye vitabu imeandikwa ushindi.

Zamu ya Gi-ho haikuja. Man-jae alitwaa ubingwa wa dunia, akautetea mara kumi na moja, na kila mara Gi-ho alikuwa kwenye kona ameshika ndoo ya maji. Bingwa hakumwogopa Mfilipino wala Mmeksiko. Alichoogopa ni siku Gi-ho atakapojua.

Siku hiyo ililetwa na supu ya kome. Man-jae alikuwa amefungua jimu yake, Gi-ho akifundisha na kufua, na mama yake Man-jae akaja kutoka kijijini kuwapikia katika chumba cha juu ya jimu. Bibi huyo alikerwa kuona Gi-ho amefika miaka thelathini na ushee bila mke. Alikuwa amemwona binti mmoja mfuma nyavu, mpole, mwenye miguu ya kazi. Akataka kujua Gi-ho kazaliwa mwaka gani, ampelekee mpiga ramli atazame kama nyota zao zinapatana.

"Mwaka wa Mbwa, Mama."

"Mbwa? Sasa mbona wewe ndo unamwita huyu kaka? Huyu si ndiye Nguruwe? Jogoo alikuwa marehemu."

Akaendelea kuchambua kome wake. Alipokwisha kula alikwenda kujinyoosha, akawaacha wawili hao na bakuli zao.

"Ulijua?" Gi-ho aliuliza.

"Nilijua."

"Hata siku ile Mwalimu anatuita?"

Man-jae alitikisa kichwa kukubali. Kisha maneno yakamtoka mengi kwa pamoja. Alimwomba wapande ulingoni saa ile ile, Gi-ho ampige kwa kushoto mpaka achoke. Alisema atampa nusu ya jimu, na jina lake litaandikwa mlangoni.

"Nikupige leo ili iweje? Nitakuwa nimempiga mstaafu," Gi-ho alisema. Sauti yake haikupanda. "Niite kaka. Mara moja tu, pale chini, mbele ya wanafunzi. Basi, yamekwisha."

Man-jae akaona amesamehewa kwa bei ya bure. Walishuka ngazi pamoja. Wanafunzi waliacha magunia, wakajipanga mstari, wakainama, kwanza kwa bingwa, halafu kwa Gi-ho. Ukutani ilining'inia picha ya Man-jae na mkanda wake, na chini yake namba: ishirini na sita, na sifuri. Nyuso zote zilimgeukia. Akafungua mdomo, na kweli neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Leo," akasema, "mdogo wangu Gi-ho atawafundisha ngumi ya kushoto."

Wanafunzi wakapiga makofi. Gi-ho alimtazama kwa muda, kama anayesubiri sentensi imalizike. Kisha akavua filimbi shingoni, akaiweka juu ya benchi, akachukua koti lake na kutoka. Wanafunzi walidhani kuna kitu amesahau nyumbani, wakabaki kwenye mstari wakimngoja.